Mwongozo Kamili: Kutafiti Uchawi Kupitia Fani Mbalimbali Ukiwa Nairobi

Karibu kila nguzo ya stima katikati ya Nairobi imebandikwa karatasi ya mganga: kurudisha mpenzi, kushinda kesi, kulinda biashara. Karibu kila muhula, vilevile, kuna mwanafunzi anayemwendea msimamizi wake na mada ya "imani za uchawi katika jamii fulani", na mara nyingi mada hiyo hukwama kabla ya sura ya pili. Haikwami kwa uhaba wa maandishi. Hukwama kwa sababu maandishi yametawanyika. Mengine yako kwenye rafu za anthropolojia, mengine kwenye ripoti za kesi, mengine kwenye majarida ya uchumi, ya tiba ya akili, ya teolojia na ya historia ya Ulaya, na anayesoma rafu moja hajui walio kwenye rafu ya pili wamesema nini.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa uzamili, mwanahabari au msomaji mwenye ari anayetaka kuukusanya uzi huo pamoja. Mada hii si ya kujifurahisha. Mara nyingi mwisho wa habari ni mama mzee aliyechomewa nyumba usiku na majirani waliomjua maisha yao yote.

Hatua ya kwanza: Anza na tuhuma

Uchawi kwa jumla hauna mahali pa kuanzia. Tuhuma inapo. Ina kijiji, ina tarehe, ina aliyetuhumu na aliyetuhumiwa, na mara nyingi ina karatasi: ripoti ya polisi, habari ya gazeti, hukumu. Chagua tukio moja, au kundi dogo la matukio yanayofanana. Oktoba 2021, kwa mfano, wanawake wanne wazee waliuawa Marani, Kaunti ya Kisii, kwa kudaiwa kuwa wachawi. Kilifi nako, wazee waliotishiwa na jamaa zao wamekuwa wakikimbilia Kaya Godoma, kituo cha kuwahifadhi wazee huko Ganze. Matukio ya aina hii yanatosha kwa tasnifu nzima.

Andika tukio lako kwa ukurasa mmoja, kwa lugha ya kawaida, bila nadharia yoyote. Kisha lipeleke kwa kila fani na usikilize inauliza nini. Mwanahistoria atauliza: kwa nini mwaka huo, si miaka 10 kabla? Mwanaanthropolojia: kwa nini yeye, na ana udugu gani na aliyemtuhumu? Mwanasheria: kosa ni lipi, na la nani? Mwanauchumi: mavuno yalikuwaje, na shamba lile sasa linalimwa na nani? Daktari: mgonjwa aliyesemekana kurogwa aliugua nini, na mtuhumiwa mwenyewe alikuwa na afya gani? Mtaalamu wa jinsia atataka kujua kwa nini wanne wote ni wanawake. Maswali haya ndiyo yatakayokuwa mifupa ya kazi yako.

Kuna swali jingine utakaloulizwa na mjomba wako, na kondakta wa matatu, na hata jopo la walimu: je, uchawi upo? Lijibu kwenye pendekezo lako la utafiti, mapema na waziwazi. Sema unatafiti tuhuma, imani na matokeo yake, mambo ambayo yapo na yanaweza kuchunguzwa. Ukianza kwa kutaka kuuthibitisha uchawi, huna kipimo cha kutumia. Ukianza kwa kuudharau, hakuna atakayekufungulia mdomo.

Hatua ya pili: Andaa maneno ya kutafutia

Fanya hili kabla ya kugusa katalogi yoyote. Kwa Kiingereza tafuta "witchcraft" na "sorcery" kwa pamoja, maana waandishi wengi huyatenga: la kwanza kwa nguvu ambayo mtu huaminika kuzaliwa nayo, la pili kwa anayetumia dawa na vitu. Kisha ongeza maneno ya eneo lako: urogi kwa Wagikuyu, uoi kwa Wakamba, utsai kwa Wamijikenda, omorogi kwa Wagusii, juogi na ajuoga kwa Wajaluo. Makarani wa kikoloni waliyaandika walivyoyasikia, kwa hiyo orodhesha tahajia zote unazoweza kukisia. Mtenganishe pia mganga na mchawi kila mahali. Waingereza waliwachanganya mara kwa mara, na ukifuata maneno yao bila kuuliza, utajikuta unamhesabu tabibu kama mtuhumiwa.

Hatua ya tatu: Soma kwa kufuata uzi, si kwa kufuata rafu

Hapa ndipo pa kukaa kwa muda mrefu. Anza na mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard na kitabu chake cha mwaka 1937 kuhusu Waazande, waliokuwa wakiishi katika iliyokuwa Sudan ya Waingereza na Wamisri. Mfano wake wa ghala la nafaka haujachakaa. Ghala linawaangukia watu waliokuwa wamekaa kivulini chini yake. Waazande wanajua vizuri kwamba mchwa walikuwa wamekula nguzo. Wanachouliza ni kwa nini limeanguka saa ileile, juu ya watu walewale. Uchawi unajibu swali hilo la pili, swali ambalo mchwa hawalijibu. Ukilielewa hilo hutaandika tena kwamba watu wanaamini uchawi kwa kuwa hawajui sababu za mambo.

Fuata uzi sasa hadi Uingereza. Wanahistoria Alan Macfarlane, mwaka 1970, na Keith Thomas, mwaka 1971, walichukua maswali ya wanaanthropolojia wa Afrika na kuyapeleka kwenye kumbukumbu za mahakama za Uingereza za karne ya 16 na 17. Macfarlane alizama katika kesi za Essex. Waliona mtindo unaojirudia: mwanamke mzee na maskini anabisha hodi kuomba maziwa au unga, ananyimwa, anaondoka akinung'unika. Baadaye mtoto wa nyumba ile anaugua. Aliyenyima anasutwa na dhamiri, na hatia yake inageuka kuwa tuhuma. Fikiria safari hiyo: fikra iliyozaliwa katika vijiji vya Waazande ndiyo iliyowafundisha Waingereza kusoma vijiji vyao wenyewe. Mwanafunzi wa Nairobi hana sababu ya kuiendea historia ya Ulaya kwa unyonge.

Na uiendee kweli, kwa sababu itakusaidia kulinganisha. Wanahistoria wengi hukadiria kuwa watu kati ya 40,000 na 60,000 waliuawa Ulaya kwa hukumu za uchawi, wengi wao wanawake. Lakini si kila mahali: Iceland na Normandy, waliohukumiwa walikuwa zaidi wanaume. Anayesema chuki dhidi ya wanawake inatosha kueleza kila kitu atalazimika kuieleza Iceland. Chuo Kikuu cha Edinburgh kimeweka mtandaoni, bure, kanzidata ya watuhumiwa wa Uskoti kati ya 1563 na 1736. Ina watuhumiwa 3,837, na takriban asilimia 84 ni wanawake. Ifungue kwenye kompyuta yako ujizoeze kuuliza maswali ya takwimu kabla ya kukusanya takwimu zako mwenyewe.

Rudi Afrika na umsome Peter Geschiere, aliyetafiti Kamerun. Hoja yake kuu ni kwamba uchawi ni upande wa giza wa undugu: anayeweza kukuumiza ni yule aliye karibu nawe vya kutosha kukuonea kijicho. Kwa mtu wa Nairobi hili halihitaji ufafanuzi mrefu. Ni wangapi mjini hapa wanaotuma pesa nyumbani kila mwezi lakini wanaogopa kujenga huko, au wanaofika na gari usiku na kuondoka alfajiri? James Howard Smith, katika kitabu cha mwaka 2008, ameonyesha jinsi watu wa Taita wanavyozungumzia uchawi na maendeleo kwa pumzi moja. Luise White naye, mwaka 2000, aliandika kuhusu wazimamoto, wale waliosemekana kukamata watu na kuwanyonya damu enzi za ukoloni. Sura yake moja inahusu Nairobi ya 1919 hadi 1939 na wanawake waliomiliki nyumba. Uvumi kwake ni ushahidi: hauthibitishi kuwa damu ilinyonywa, lakini unaonyesha watu waliogopa nini kuhusu kazi, dawa na serikali. Njia hiyo ya kusoma uvumi ni muhimu sana leo, ambapo tuhuma husambaa kwa simu kabla chifu hajaamka.

Kwa upande wa dini, John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, aliupa uchawi nafasi katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika. Yaweke maelezo yake kando ya mahubiri unayoyasikia mikutanoni leo. Wamisionari wengi walihubiri kwamba uchawi ni ushirikina mtupu. Wahubiri wengi wa kipentekoste husema upo na wanao uwezo wa kuushinda. Misimamo hiyo miwili inamweka mtuhumiwa katika hali tofauti kabisa.

Hatua ya nne: Nenda kwenye nyaraka

Jengo la Nyaraka za Kitaifa liko Moi Avenue, mkabala na ilipokuwa Hoteli ya Hilton. Chini kuna mkusanyiko wa sanaa wa Murumbi, na chumba cha kusomea kiko juu. Nenda na kitambulisho, ulipe ada ndogo ya usomaji, ubebe penseli. Majalada ya wilaya yana alama zake: DC/MKS kwa Machakos, DC/KSI kwa Kisii, PC/COAST kwa mkoa wa Pwani, PC/NZA kwa Nyanza. Usiombe jalada lenye neno "uchawi" pekee. Soma ripoti za mwaka za wilaya, barua za wakuu wa wilaya, na majalada ya viapo, afya na usalama. Mambo mengi yamejificha humo.

Kwa mazoezi, fuatilia kesi ya Rex (yaani Mfalme, kwa niaba ya serikali) dhidi ya Kumwaka na wenzake 69, ya mwaka 1932. Mwanamke mmoja wa Ukambani alituhumiwa kumroga mke wa Kumwaka, akapigwa na kundi la wanaume hadi kufa. Washtakiwa 60 walihukumiwa kifo, na baadaye adhabu hiyo ikageuzwa kuwa kifungo. Kesi hiyo ilizua mjadala hadi Uingereza: je, ni haki kumnyonga mtu aliyeamini kwa dhati kwamba anailinda jamii yake? Katherine Luongo ameandika kitabu kizima, kilichotoka mwaka 2011, kuhusu uchawi na utawala wa kikoloni Kenya hadi 1955, na kesi hii imo. Kisome ukiwa na majalada ya Machakos mezani, uone mwanahistoria anavyotoka kwenye karatasi hadi kwenye hoja. Utaona pia kwamba serikali ileile iliyowahukumu watu 60, katikati ya miaka ya 1950 ilisimamia yenyewe shughuli za kuwatakasa waliodaiwa kuwa wachawi Machakos, wakati wa hofu ya Mau Mau.

Kwa magazeti ya zamani, Maktaba ya McMillan iko Banda Street, lakini ulizia kwanza huduma zilizopo. Kwa vitabu vya wataalamu wa Afrika Mashariki, maktaba za taasisi za utafiti za Waingereza na Wafaransa zilizoko Kileleshwa zina vingi ambavyo huenda ukavikosa chuoni kwako.

Hatua ya tano: Soma sheria kama mtafiti

Sheria ya Uchawi ya Kenya, Sura ya 67, ilitungwa mwaka 1925. Isome yote, ni fupi. Utagundua kwamba inamlenga anayedai au kujifanya ana nguvu za uchawi, na pia inamlenga anayemtuhumu mwenzake kuwa mchawi, isipokuwa kama amepeleka madai hayo kwa wenye mamlaka, kama polisi au chifu. Fikra ya kumwadhibu "anayejifanya" ina asili yake katika sheria ya Uingereza ya mwaka 1735, ambayo Waingereza wenyewe waliifuta mwaka 1951. Kwa mwanakijiji anayeamini kwamba mchawi ameua mtoto wake, sheria hii inasema jambo la ajabu: haimwoni mchawi kama muuaji, inamwona kama laghai. Pengo hilo kati ya sheria na imani linatosha sura nzima.

Ingia kisha kwenye tovuti ya Kenya Law, ambako hukumu husomwa bure. Anza na rufaa mbili za zamani kutoka Uganda, zilizoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki. Katika ile ya Fabiano Kinene ya mwaka 1941, marehemu alikutwa usiku akitambaa uchi karibu na nyumba ya watu, wakamuua wakiamini anawaroga. Mahakama ilikubali kwamba walichokozwa, na kosa likashushwa kutoka mauaji ya kukusudia. Mwaka 1951, katika rufaa ya Eria Galikuwa, mahakama ilikaza kamba: kitendo kinachodhaniwa kuwa uchawi lazima kiwe kimefanyika mbele ya mshtakiwa, naye awe ameua kwa hasira ya papo hapo. Hofu peke yake haitoshi. Hukumu nyingi zilizofuata katika kanda hii zinapimwa kwa masharti hayo.

Irudie kesi ya 1941 kwa macho ya daktari wa akili. Mtu mzima anayetambaa uchi usiku kwenye boma la wengine: je, alikuwa mgonjwa? Hukumu haikuandikwa kujibu swali hilo, lakini ni lazima uliulize. Leo mzee mwenye ugonjwa wa kusahau anaweza kutoka usiku, kupotea na kukutwa mlangoni kwa jirani asijue amefikaje. Watu wa afya ya akili wanapaswa kuwa kwenye orodha yako ya kuhojiwa, sawa na mawakili.

Msome pia M. J. Field, aliyeandika mwaka 1960 kuhusu wanawake wa Ghana waliokwenda kwenye madhabahu wakijituhumu wenyewe kuwa wachawi. Wengi wao aliwaona kuwa na sonona, ugonjwa wa huzuni nzito ya muda mrefu. Wanasaikolojia Legare na Gelman, mwaka 2008, walionyesha Afrika Kusini kwamba mtu mmoja anaweza kuamini virusi na uchawi kwa wakati mmoja kuhusu ugonjwa uleule. Ni ghala la Waazande tena, safari hii katika maabara ya saikolojia.

Hatua ya sita: Takwimu

Utafiti wa kusoma kwa makini ni wa mwanauchumi Edward Miguel, uliochapishwa mwaka 2005, kutoka wilaya ya Meatu nchini Tanzania. Alilinganisha mvua na mauaji. Katika miaka ya ukame mkali au mafuriko, mauaji ya waliodaiwa kuwa wachawi, wengi wao wanawake wazee, yalikuwa takriban mara mbili ya miaka mingine, wakati mauaji ya aina nyingine hayakupanda hivyo. Njaa inapoingia, mtu asiyezalisha anakuwa mzigo. Boris Gershman naye, mwaka 2022, alikusanya majibu ya zaidi ya watu 140,000 kutoka nchi na maeneo 95, na zaidi ya asilimia 40 walisema wanaamini kwamba baadhi ya watu wanaweza kuwadhuru wengine kwa laana au uchawi.

Tumia namba hizi kwa uangalifu. Ya Meatu inaeleza lini, haielezi kwa nini yule na si jirani yake. Ya Gershman inapima jibu la swali la dodoso, na mtu anaweza kujibu "ndiyo" bila kuwahi kumtuhumu yeyote. Ukitaka kujaribu njia ya Miguel hapa kwetu, omba takwimu za mvua kutoka Idara ya Hali ya Hewa, Dagoretti Corner, kisha panga mwaka baada ya mwaka kando ya matukio uliyoyapata magazetini. Kumbuka tu kwamba gazeti haliandiki kila kifo.

Hatua ya saba: Vibali, kisha watu

Hakuna mahojiano kabla ya karatasi. Unahitaji barua ya chuo, idhini ya kamati ya maadili, na leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, ambayo huombwa mtandaoni. Ukifika kaunti ya utafiti, ripoti kwa Kamishna wa Kaunti na Mkurugenzi wa Elimu kabla ya kumhoji yeyote. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakuhusu pia: sauti ya mtu akizungumzia uchawi katika familia yake ni siri nzito.

Anza mahojiano hapahapa mjini, na watu wanaotoka eneo lako walioko Kawangware, Umoja au Githurai. Wako mbali na shinikizo la kijiji, na wanajua nani wa kuaminiwa kule. Ukimhoji mzee, mwamkie anavyostahili, mwite baba, mama, nyanya au guka kama ilivyo desturi ya kwao, umwache aanze na habari za watoto na mashamba. Usimuulize mtu yeyote, kamwe, "mchawi hapa ni nani?" Swali hilo linazalisha tuhuma mpya, na wewe unakuwa shahidi wake. Uliza badala yake: mwaka ule mvua ilikuwaje? Nani aliugua, alipelekwa hospitali gani? Shamba lile lilirithiwa vipi? Nani alikuwa wa kwanza kusema, na alisemea wapi? Majibu ya maswali haya manne huleta mengi kuliko dodoso refu.

Usihudhurie shughuli ya kuwafichua wachawi kwa kisingizio cha utafiti, wala usipige picha nyumba ya mtuhumiwa. Ukisikia kwamba mtu fulani anapangiwa kuuawa, acha daftari na upige simu kwa polisi na kwa chifu siku hiyohiyo. Maneno haya yaandike kwenye fomu ya ridhaa tangu mwanzo, ili kila unayemhoji ajue kuna siri moja usiyoweza kumtunzia.

Hatua ya nane: Kuandika

Chora jedwali. Upande mmoja weka fani, upande wa pili weka kile ambacho kila fani inaeleza kuhusu tukio lako, na safu ya tatu iwe ya kile isichoweza kueleza. Safu ya tatu ndiyo muhimu. Fani zikikubaliana kila mahali, kuna kitu hujakisoma vizuri.

Jihadhari na jibu moja linalomaliza kila kitu. Mwaka 1976 Linnda Caporael alipendekeza kwamba vituko vya Salem, Marekani, mwaka 1692, ambako watu 19 walinyongwa, vilitokana na kuvu ya nafaka iliyowatia watu wazimu. Wazo hilo lilipendwa sana, na bado linapendwa, ingawa Spanos na Gottlieb walilipinga mwaka uleule kwamba dalili zilizoandikwa hazilingani na sumu hiyo. Hata kama kuvu ingekuwapo, bado isingeeleza kwa nini mahakama ilikubali ushahidi wa aina ile, wala kwa nini walitajwa hawa na si wale.

Badilisha majina ya watu, na ikibidi ya vijiji, lakini usibadilishe mwaka wala msimu, maana hoja zako za mvua na mavuno zinautegemea. Kabla ya kuwasilisha, mpe mtu mmoja anayetoka eneo lile asome sura za mahojiano, umuulize kama kuna yeyote aliyemtambua. Akimtaja hata mmoja, futa alama zilizomtambulisha, kisha mpe tena asome.